Mgodi Ulifungwa, Jamaa Walibaki



Mwezi huu ukurasa wetu unataka kusema juu ya jambo ambalo tumeanza kuliacha polepole: kwenda kutembelea watu wetu. Si wale wa mjini wenye duka na gari. Hao tunawatembelea bila kuambiwa. Nasema juu ya wale wanaokaa kwenye mji wa mgodi wa zamani, pale kazi ilisimama, mshahara ukakatika, nao wakabaki palepale. Nitachukua mfano ulio karibu nasi, ambao wengi wanaujua: Kilembe, upande wa Uganda, kwenye miguu ya mlima Ruwenzori.

Wengi kati yetu tuko na mtu kule. Huyu ana shangazi aliyeolewa kule, yule ana mjomba aliyefanya kazi ya shimo, mwingine ana rafiki waliyesoma pamoja. Lakini ukimwuliza, "Ulifika kwake lini mara ya mwisho?" anaanza kuhesabu kwa vidole, halafu anaacha. Juu ya nini? Mmoja atakuambia ni njia. Mwingine atasema ni mpaka. Hayo ni kweli, na tutayasema hapa chini. Lakini iko sababu ya tatu ambayo hatuisemi kwa sauti: kule hakuna kitu tena. Wakati mjomba alipokuwa na mshahara, nyumba yake tuliijua hata katika giza. Mshahara ulipokwisha, njia ya kwenda kwake ikaota majani.

Hapo ndipo pana shida, wapenzi wasomaji. Tuliyekuwa tukimtembelea, alikuwa ni mjomba, ao ni mshahara wake?

Kilembe ilikuwa nini?

Vijana wa leo hawajui, kwa hiyo tukumbushane. Mgodi wa Kilembe ulianza kutoa shaba mwaka wa 1956, chini ya kampuni ya Kanada iliyoitwa Falconbridge. Mwaka uleule reli iliyotoka Kampala ilifika Kasese. Mawe yalichimbwa ndani ya mlima, yakasagwa, shaba ikapakiwa katika gari la moshi mpaka Jinja. Kule iliyeyushwa kwa nguvu ya umeme wa bwawa la mto Nile, kisha ikashuka mpaka Mombasa na kuvuka bahari. Kwa miaka mingi shaba ilikuwa kati ya mali kubwa ambazo Uganda iliuza ng'ambo, pamoja na kahawa na pamba. Mpaka mwisho wake, mgodi ule ulikuwa umetoa zaidi ya tani milioni 15 za mawe yenye shaba.

Kampuni ilijenga nyumba kwa mistari, kando ya mto Nyamwamba. Ilijenga hospitali na shule. Watu walitoka pande zote kutafuta kazi. Mfanyakazi wa Kilembe wakati ule alikuwa mtu wa kuheshimiwa. Alikuwa na nyumba ya kampuni, umeme, maji ya bomba, na daktari karibu. Ndugu akikutwa na shida ya shule ao ya mahari, neno lilikuwa moja tu: "Twende kwa yule wa Kilembe."

Halafu mambo yakabadilika. Katika miaka ya 1970, wakati wa utawala wa Idi Amin, Wakanada waliondoka na mgodi ukabaki mikononi mwa serikali. Vyuma vya kutengeneza mashini vilikosekana. Bei ya shaba duniani ilianguka. Mwaka wa 1982 kazi ya kuchimba ilisimama. Tafadhali shika neno hili, kijana unayechimba: mgodi wa Kilembe haukusimama juu ya shaba kwisha. Shaba nyingine iko ndani ya mlima mpaka leo. Mgodi unaweza kufa hata kama jiwe bado liko na mali.

Mwaka wa 1999 kampuni nyingine ilianza kutoa kobalti katika rundo la mabaki yaliyoachwa pale Kasese. Miaka kama 15 baadaye nayo ilisimama, rundo limekwisha. Mwaka wa 2013 mgodi wenyewe ulikodishwa kwa kampuni ya Kichina, lakini mkataba ule ulivunjika baada ya miaka michache. Kila mara habari inarudi: "Mgodi utafunguliwa." Watu wa Kilembe wameisikia habari hiyo mara nyingi, na wamejifunza kulima huku wakingoja.

Na kana kwamba hayo hayatoshi, mto nao ulikuja. Tarehe 1 Mei 2013, Nyamwamba ulifurika, ukabomoa nyumba na madaraja, ukaua watu. Mwezi wa Mei 2020 ulirudi tena, ukaharibu vikali hospitali ile ya mgodi, wagonjwa wakahamishwa. Kwa hiyo utakapofika, usishangae kuona mawe makubwa pale ulipoambiwa kwamba kulikuwa na nyumba ya baba mkubwa.

Aibu ya pande mbili

Wako watu wanaosema, "Lakini hata wao hawatualiki." Ni kweli. Lakini umejiuliza juu ya nini?

Mtu aliyekuwa akipokea wageni kumi kwa nyama na mchele, leo anawapokea kwa muhogo na maharagi. Kiti kimevunjika. Blanketi ni moja. Anakumbuka vizuri jinsi ulivyomwona zamani, na hataki uje kuona jinsi alivyo leo. Kama hakualiki, si kwamba anakuchukia. Anaona haya. Nawe unaona haya kwenda, kwa sababu unajua ulikula kwake wakati wa neema na hukufika wakati wa shida. Basi aibu yake imekaa Kilembe, aibu yako imekaa Butembo, na katikati watoto wanakua bila kujuana. Baada ya miaka 20 watakutana kwenye soko la Mpondwe, watagombana juu ya bei ya kitambaa, wala hawatajua kwamba babu yao ni mmoja.

Jamaa haivunjwi na ugomvi tu. Mara nyingi inavunjika kimya hivyo.

Nasi tukumbuke kwamba mstari ulioko kati yetu si sisi tuliouchora. Mwaka wa 1910 Wabelgiji, Waingereza na Wadachi walipatana juu ya mipaka ya nchi hizi, na mlima wetu ukagawanywa. Wa upande ule wakaitwa Bakonzo, wa upande huu Banande, na leo wengi wanajiita Bayira, wote pamoja. Ukisema "Wabukire" asubuhi kule Kilembe, hutahitaji mtu wa kutafsiri. Hata kama wewe si wa kabila hilo, utakuta Kiswahili chako kinakufikisha.

Njia

Sasa tuseme juu ya safari. Kutoka Butembo mpaka Beni ni kilomita 54. Kutoka Beni mpaka Kasindi ni kama kilomita 80. Hizo ndizo njia ambazo Kongo na Uganda zilipatana kuzitengeneza, na kazi ilizinduliwa mwezi wa Juni 2021. Kasindi unavuka mto Lhubiriha, unaingia Mpondwe, unapita Bwera, unaendelea mpaka Kasese kwenye joto la uwanda. Kutoka Kasese unapanda kama kilomita 10 kuingia kwenye bonde, hewa inakuwa baridi, na hapo ndipo Kilembe.

Tusijidanganye juu ya hatari. Tangu mwaka wa 2014 watu wengi sana wameuawa katika eneo la Beni, na kila mmoja wetu anajua jina la mtu aliyekufa. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 waasi wa ADF waliingia katika shule ya sekondari ya Lhubiriha, pale Mpondwe, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Kwa hiyo hakuna mtu atakayekulaumu ukingoja. Uliza kwanza wenye kupita njia hiyo kila siku, madereva na wamama wa biashara. Safiri mchana tu. Kama njia ni mbaya wiki hii, piga simu, useme, "Nilitaka kuja, njia imenizuia." Neno hilo peke yake ni nusu ya safari. Lakini mtu asifanye vita kuwa kisingizio, ikiwa kila mwezi anavuka kununua bidhaa Kasese na hapandi zile kilomita 10.

Jinsi ya kutembelea

Sasa nisemeshe wewe uliyeamua kwenda. Sikia maneno machache.

La kwanza, toa habari mbele. Zamani tulifika tu, tukabisha hodi, na hiyo ilikuwa furaha. Kwa mwenye mali, mgeni wa ghafula ni furaha. Kwa maskini, ni usiku wa kukopa kwa jirani. Mwambie siku na hesabu ya watu. Usiseme, "Tutakuja wawili," halafu ushuke na sita.

La pili, beba chakula. Usiende mikono mitupu kwa mtu ambaye mshahara wake ulikatika. Beba maharagi, mafuta ya mawese, makayabo, sukari, sabuni. Na ukifika, usitoe mbele ya watu wote kama mtu anayegawa msaada. Mpe mama mwenye nyumba kule jikoni, taratibu. Yeye atapika, na mezani kitakuwa chakula chake. Mwenyeji akubariki kwa chakula ulichobeba wewe mwenyewe. Hakuna heshima inayopita hiyo. Na akikupa ndizi moja ya shamba lake, kula. Usiseme, "Hapana mama, mubaki nayo, ninyi muko na shida." Ukikataa ndizi yake, umemwondoa katika ujamaa na kumweka kati ya wahitaji.

La tatu, hesabu siku. Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sulemani naye, katika Mithali 25:17, anaonya juu ya mguu unaozoea mno nyumba ya mwenzako. Kama unakaa zaidi ya siku mbili, basi kweli shika jembe, nenda shambani pamoja nao. Vijana, hii ni kwenu. Msikae chini ya mti na simu, mkingoja kuitwa kwa chakula. Chota maji, pasua kuni. Bibi mzee atasahau zawadi, lakini hatasahau kijana aliyetengeneza mlango wake.

La ine, chunga maji. Mabaki ya mgodi yalimwagwa kando ya mto kwa miaka, na wataalamu walipopima waliona shaba na kobalti katika maji na katika udongo. Kunywa maji ambayo wenyeji wanakuonyesha, yaliyochemshwa. Usiwaache watoto wako kucheza juu ya marundo ya zamani ao kuingia kwenye mashimo yaliyoachwa.

La tano, usitembee na ugonjwa. Sisi wa Beni na Butembo tulifundishwa jambo hili kwa machozi. Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 pale Mangina iliua watu zaidi ya 2,200 mpaka ilipokwisha Juni 2020. Mwezi wa Juni 2019 ilivuka mpaka, na haikuvuka na jeshi ao na biashara. Ilivuka na jamaa waliotoka kuuguza na kuzika mzee wao upande huu. Mtoto wa miaka 5 alikufa katika hospitali ya Bwera, na bibi yake na mdogo wake wakafuata. Hawakufanya ubaya, walifanya kile ambacho kila mmoja wetu angefanya: walikwenda kwa mzazi wao. Ndiyo maana nasema, kupenda jamaa kuende pamoja na akili. Ukiwa na homa, baki, jitibishe kwanza. Wakikunawisha mikono na kukupima joto mpakani, usigombane.

La sita, chunga ulimi. Usiulize, "Sasa munabaki hapa kufanya nini?" Wanabaki kwa sababu pale ndipo makaburi yao yako, na shule ya watoto wao, na kanisa walimobatizwa. Usiseme, "Mungelikuwa na akili mungelinunua kiwanja wakati ule." Wameshajiambia neno hilo usiku mwingi kabla wewe hujafika. Afadhali uulize, "Mzee, kazi ya chini ya ardhi ilikuwaje?" Halafu nyamaza, usikilize. Mtu aliyeingia mlimani na taa kichwani kwa miaka 20 ana habari ambazo hakuna anayemwuliza tena. Mpe saa moja ya masikio yako. Watoto wako wakae karibu wasikie.

Na wewe uliye kwenye shimo leo

Sasa nageuka kwako, ndugu yangu uliye Manguredjipa, Mongbwalu, Kamituga ao Durba. Labda unasoma ukurasa huu na kusema, "Mchungaji anasema juu ya wazee wa Uganda." Hapana. Ninasema juu yako.

Leo ni wewe ndiye "yule wa Kilembe." Simu yako inaita kila asubuhi: ada ya shule, dawa, mahari. Wageni wanajua njia ya kwako. Je, siku shimo litakapoanguka, ao bei itakaposhuka, ao leta itakapofunga machimbo, ni nani atakayepanda mlima kuja kukuona?

Jibu la swali hilo halitengenezwi siku ile. Linatengenezwa leo. Kijana anayepata pesa na kuimaliza palepale na marafiki wa pombe, hao marafiki watafuata dhahabu kwenye shimo lingine. Lakini yule anayerudi nyumbani mara kwa mara, anayekaa na baba yake, anayefundisha watoto majina ya shangazi zao, huyo ana akiba ambayo haiibiwi. Mtoto wako asipojua nyumba ya baba yake mdogo, siku ya shida nani atampokea?

Kutuma pesa kwa simu ni jambo zuri, endelea. Lakini simu haiwezi kuketi chini pamoja na mzee. Simu haioni kwamba paa linavuja, wala kwamba mama amekonda. Miguu yako ndiyo inayoona.

Tena jambo la nyumba. Wafanyakazi wengi wa Kilembe walilala miaka mingi katika nyumba nzuri ambazo hazikuwa zao. Kazi iliposimama, nyumba ilibaki ya kampuni. Wewe unayekaa katika kambi ao katika kibanda cha turubai, tafuta kiwanja chako kidogo mahali ambapo watu wako wako, hata kama utaweka tofali kumi kwa mwezi.

Watu wengi wanasahau kwamba hata mji wetu wa Butembo ulianza kukua kwa sababu ya migodi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ya Minière des Grands Lacs iliweka hapa kituo chake. Kampuni ile imekwenda zamani. Butembo haikufa. Watu walilima, wakafanya biashara, wakajenga shule na makanisa, na zaidi ya yote walisaidiana kwa jamaa: mmoja akipata mtaji, anamshika mdogo wake mkono. Yule asiye na mtu wa kumshika mkono hakufika mbali, hata kama alikuwa na akili nyingi.

Katika Biblia, Ayubu sura ya 28 inasema juu ya wachimbaji: jinsi wanavyopasua mwamba, wanavyotia taa katika giza, wanavyotoa shaba katika jiwe. Halafu Ayubu anauliza hekima inapatikana wapi, kwa maana hakuna shimo linaloitoa, na dhahabu haiwezi kuinunua. Soma sura hiyo nyumbani jioni moja, wote pamoja, na watoto waulize maswali.

Basi, kabla gazeti la mwezi ujao halijafika mikononi mwako, fanya hivi. Keti na mke wako ao na wazazi wako, muandike majina ya watu wa jamaa ambao hamujawaona kwa miaka 5. Chagueni jina moja tu, la yule ambaye hana kitu cha kuwapa. Piga simu, uliza kama njia ni nzuri, sema siku, sema hesabu ya watu. Weka sabuni na maharagi kando.

Na kama ni wewe uliye Kilembe, ao katika mji mwingine wa namna hiyo, na gazeti hili limekufikia kwa mkono wa mtu: usijifiche. Alika watu wako. Muhogo unatosha.